Nabii nchi inapotikisika: walichofanya manabii wa Biblia, na namna ya kumpima anayejiita nabii leo

Ukipita Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Tegeta au Kawe, hutembei mbali kabla ya kukutana na bango lenye neno nabii. Yupo nabii wa ndoa, nabii wa biashara, nabii wa kufungua safari za nje. Wengine wako hewani kila siku, na sisi watu wa redio hatuwezi kujifanya hatulijui hilo, maana redio nyingi nchini huuza muda kwa wahubiri. Kwa hiyo nchi inapopatwa na msukosuko, iwe ugonjwa, uchaguzi au watu kupotea, msikilizaji anayefungua simu yake kijijini anakutana na sauti nyingi kwa mpigo, na karibu kila moja inasema imetumwa na Mungu.

Swali ambalo wasikilizaji hutuletea ni fupi: tumsikilize nani?

Makala hii haitoi orodha ya manabii wa kweli na wa uongo wa Dar es Salaam. Hiyo si kazi ya redio. Tunachoweza kufanya ni kueleza manabii wa Biblia walifanya nini hasa taifa lao lilipokuwa hatarini, kisha tuangalie yaliyotokea hapa kwetu, ili msikilizaji apime mwenyewe. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi sana Temeke na Kinondoni, nao watakutana humu na majina wanayoyafahamu.

Nabii hakuwa mpiga ramli

Watu wengi wakisikia neno nabii hufikiria mtu wa kutabiri mambo yajayo. Sehemu ya hilo ni kweli. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 9, kinaeleza kwamba zamani nabii aliitwa mwonaji, na kinamsimulia kijana Sauli aliyepotelewa na punda wa baba yake akaenda kwa Samweli kuuliza walipo. Mtumishi wake alikuwa na robo shekeli ya fedha ya kumpa mtu wa Mungu. Kumbe hata enzi hizo watu walikwenda kwa nabii na shida za nyumbani, na hawakwenda mikono mitupu.

Lakini vitabu vilivyobeba majina ya manabii katika Biblia ni habari nyingine kabisa. Mmoja wa wa kwanza ni Amosi, aliyesema maneno yake karibu mwaka 760 KK, yaani kabla ya Kristo. Alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu kutoka kijiji cha Tekoa, kusini. Akapanda hadi Betheli, kaskazini, kwenye hekalu lililokuwa chini ya mfalme Yeroboamu wa Pili. Nchi ilikuwa na fedha wakati ule, haikuonekana kama ina shida yoyote. Amosi akasema shida ipo. Maskini anauzwa kwa thamani ya jozi ya viatu, wafanyabiashara wa nafaka wanapunguza kipimo na kuongeza bei, na mizani imechezewa. Mkulima aliyewahi kulazimishwa kujaza gunia la lumbesa hahitaji mchungaji wa kumfafanulia sura ile ya 8.

Kuhani wa Betheli, Amazia, alimwambia aondoke akale mkate wake kwao, kwa kuwa pale ni mahali pa mfalme. Amosi akajibu kwamba yeye si nabii wala si mwana wa nabii. Maana yake ni kwamba hakuwa kwenye orodha ya malipo ya mtu yeyote. Alikuwa na mifugo yake. Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, na tutalirudia.

Kabla ya Amosi kulikuwa na Nathani, aliyemwendea mfalme Daudi baada ya Daudi kumchukua mke wa Uria na kupanga Uria afe vitani. Kulikuwa na Eliya, aliyemkuta mfalme Ahabu akiwa ndani ya shamba la mizabibu la Nabothi, mwananchi aliyekataa kuuza ardhi ya baba zake na akauawa kwa mashahidi wa uongo. Hata hapa kwetu, ambako watu wa pembezoni mwa jiji wanaijua vizuri alama ya X nyekundu ukutani, habari ya Nabothi husomwa kwa makini.

Ukiwatazama hao wote, hakuna aliyeanza na mambo ya miaka hamsini ijayo. Kila mmoja alitaja jambo lililokwisha kutokea, ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyethubutu kulisema. Kuhusu kesho walisema yatakayofuata jambo hilo lisiporekebishwa.

Yeremia ndani ya mji uliozingirwa

Kama unataka kumwona nabii katikati ya msukosuko wa taifa, soma Yeremia. Kitabu chake ni kirefu na hakifuati mpangilio wa miaka, hivyo wengi huishia njiani. Hapa tunaeleza kwa ufupi.

Yeremia alitoka Anathothi, kijiji kilicho karibu na Yerusalemu, akaanza kazi yake mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, karibu mwaka 627 KK. Taifa lake dogo la Yuda lilibanwa kati ya Misri na Babeli, mataifa makubwa mawili ya wakati huo. Mwishoni Babeli ikauzingira mji, na mwaka 587 au 586 KK Yerusalemu ikaanguka, hekalu likachomwa. Ujumbe wa Yeremia kwa miaka hiyo yote haukupendwa: hekalu peke yake halitawaokoa iwapo mgeni, yatima na mjane wanaonewa na damu isiyo na hatia inamwagwa. Alipolisema hilo hekaluni, kama sura ya 26 inavyoeleza, makuhani na manabii wenzake ndio waliodai auawe. Angalia vizuri, wa kwanza kudai auawe walikuwa watu wa dini.

Kilichomwokoa siku ile ni wazee wa nchi. Walisimama wakakumbusha kwamba karibu miaka mia moja nyuma, nabii Mika alitabiri Sayuni kulimwa kama shamba, na mfalme Hezekia hakumuua, alisikia na kujirekebisha. Sura hiyo hiyo inamtaja nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, aliyesema maneno kama ya Yeremia. Alikimbilia Misri, akafuatwa, akarudishwa, akauawa kwa upanga. Yeye hakuwa na mtu wa kumsemea.

Baadaye Yeremia alimwambia mwandishi wake, Baruku, aandike maneno yake kwenye gombo. Gombo likafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi akiota moto. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, zilikatwa kwa kisu na kutupwa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Baruku akaandika upya, na safari hii maneno yakaongezeka. Sisi tunaoishi kwa kutangaza maneno tunaipenda sana sura hiyo ya 36.

Kisha ikaja habari ya Hanania. Huyu naye alikuwa nabii, na alisimama hekaluni mbele ya watu. Yeremia alikuwa amejivika nira ya mti shingoni, kama ng'ombe wa kulima, kuonyesha kwamba watu watatumikia Babeli. Hanania akaivunja, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitakuwa kimerudi: vyombo vya hekalu, mfalme, na wote waliochukuliwa mateka. Fikiria umati ulivyofurahi. Yeremia hakutukana. Alisema amina, laiti iwe hivyo. Akaongeza jambo moja: manabii wa kale walitabiri vita na taabu, basi anayetabiri amani atajulikana siku amani hiyo itakapotokea. Akaenda zake. Hanania akafa mwaka uo huo, na miaka miwili ikapita bila mateka kurudi.

Mfalme wa mwisho, Sedekia, alikuwa akimwita Yeremia kwa siri amwulize neno la Bwana, kisha anamwomba asiwaambie maofisa walichozungumza. Maofisa walimshitaki Yeremia kwamba anavunja moyo wa askari, wakamtupa kwenye shimo lenye matope ili afie humo. Aliyemtoa ni Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya mfalme. Aliomba ruhusa, akachukua watu na kamba, na matambara makuukuu ya kuweka kwapani ili kamba zisimchubue nabii. Wengi wanaohubiri habari hii huruka hayo matambara. Sisi tunaona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Katikati ya hayo yote, mji ukiwa umezingirwa na yeye amefungwa katika uwanja wa walinzi, Yeremia alinunua kiwanja. Binamu yake alikuja kumuuzia shamba la Anathothi, na Yeremia akalipa shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, akapima fedha kwenye mizani, kisha akaagiza hati hizo ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Anathothi wakati ule ilikuwa eneo ambalo adui ameshalishika. Mtu aliyekuwa akisema mji utaanguka ndiye aliyetoa fedha yake mwenyewe kusema kwamba ardhi ile itanunuliwa na kuuzwa tena. Hapo tunajifunza kwamba kutabiri mabaya hakukuwa kuitakia nchi mabaya.

Mia nne na mmoja

Sura ya 22 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme inaeleza jinsi Ahabu alivyotaka kwenda vitani Ramoth-gileadi. Aliwakusanya manabii wapatao 400, wote wakasema nenda, utashinda. Mfalme mwenzake wa Yuda akauliza kama hakuna mwingine. Ahabu akasema yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mikaya akaitwa, akasema Israeli watatawanyika kama kondoo wasio na mchungaji. Akarudishwa gerezani kwa chakula kidogo na maji. Ahabu akaenda vitani akafa.

Si lazima walio wengi wakosee kila mara. Lakini Biblia haihesabu idadi ya manabii kama ushahidi, na nabii Mika anaeleza wazi kinachowafanya wakubaliane: akilishwa anatangaza amani, na asipotiliwa kitu kinywani anatangaza vita.

Hapa kwetu

Nchi yetu ilijua unabii kabla haijaitwa Tanzania. Abiria wa mabasi ya kusini yanayopita barabara ya Kilwa hupita nchi ya Rufiji, na huko Ngarambe ndiko Kinjikitile Ngwale alikotokea mwaka 1904. Hakuwa nabii wa Biblia. Alisema amepagawa na roho aliyeitwa Hongo, akagawa maji ya dawa na kuahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Neno lake liliunganisha makabila mengi ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja, na hilo ni jambo kubwa. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita. Lakini ahadi ya risasi haikutimia, na waliokufa kwa vita na njaa iliyofuata wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Alichosema kuhusu dhuluma ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa kilikuwa kweli. Alichoahidi kuhusu risasi hakikuwa. Tunaomba msikilizaji aiweke akilini tofauti hiyo, kwani mtu mmoja anaweza kubeba yote mawili.

Baada ya uhuru, wa kwanza kuwakumbusha viongozi wa dini kazi hii hakuwa askofu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposimama na maskini katika kupambana na hali zinazowakandamiza, litakosa maana kwao. Mkuu wa nchi anayeliomba Kanisa lisikae kimya ni jambo la nadra.

Jirani zetu Uganda walilipa gharama mapema. Februari 1977 maaskofu wa Anglikana walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na watu kupotea. Februari 16 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa, na kesho yake redio ya taifa ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Walikuwa wameuawa. Tunalitaja la redio kwa makusudi.

Hapa nchini nyaraka za maaskofu ndizo zilizovuta macho ya watu. Kwaresima ya 2018 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, ambalo ofisi zake kuu ziko Kurasini, Temeke, lilitoa waraka uliolalamikia kubanwa kwa shughuli za siasa. Pasaka ya mwaka huo maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, wakatoa waraka wao, "Taifa Letu, Amani Yetu", uliogusa utekaji, mauaji na katiba mpya. Ikafuata barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani iliyowataka Walutheri waufute waraka ule. Barua hiyo ilipovuja mitandaoni, waziri wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, aliikana. Ndani ya KKKT kwenyewe palikuwa na maaskofu ambao hawakuusoma waraka makanisani mwao. Amazia na Amosi, ukipenda, ndani ya nyumba moja.

Ikaja korona. Aprili 2020 Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, kuanzia tarehe 17 hadi 19, na mwishoni mwa mwezi huo takwimu za wagonjwa zikaacha kutolewa zikiwa zimefika 509. Juni nchi ikatangazwa kuwa salama. Kuomba hakukuwa kosa, hata Ninawi ya Nabii Yona, ambaye Waislamu wanamwita Yunus, iliomba ikaokoka. Shida ilikuwa kwamba watu waliendelea kufariki na jina la ugonjwa halitajwi. Januari 2021 TEC wakatoa tahadhari kwamba wimbi jipya limeingia. Mapema Machi, Katibu Mkuu wao, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi baada ya shida ya kupumua. Hakusema ameoteshwa. Alihesabu makaburi. Kwa maoni yetu, katika msukosuko ule wote hakuna sentensi iliyokuwa karibu zaidi na kazi ya Yeremia kuliko hesabu ile.

Agosti 18, 2023 TEC wakatoa tamko jingine kupinga makubaliano ya bandari na Dubai. Safari hii mjadala ulikuwa mgumu zaidi. Baadhi ya viongozi wa Kiislamu, na Wakristo pia, walisema maaskofu wamevuka mpaka na kwamba jambo la uchumi linapewa sura ya dini. Oktoba 22 mikataba ilisainiwa Dodoma. Hapa tunaona hoja ya wapinzani ilistahili kusikilizwa. Kulaani mauaji na kutathmini mkataba wa bandari si jambo la uzito mmoja. La pili linahitaji takwimu, na watu wema wanaweza kutofautiana.

Kawe pia kuna la kujifunza. Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM kuanzia 2020, mwaka 2021 alihubiri dhidi ya chanjo ya korona, akaitwa kwenye kamati ya Bunge na kuadhibiwa. Mwaka 2025 mtu yuleyule alikemea utekaji wa watu. Juni 2 mwaka huo Msajili akafuta usajili wa kanisa lake, Ufufuo na Uzima. Wako waliosema kwa kuwa alikosea kuhusu chanjo basi na hili la utekaji tumpuuze, na wako waliosema kwa kuwa amesema kweli kuhusu utekaji basi na la chanjo alikuwa sahihi. Zote mbili ni hesabu mbovu. Neno hupimwa moja moja. Chanjo zilipimwa na madaktari kwa mamilioni ya watu duniani, na familia zilizopotelewa na ndugu zao mikononi mwa "watu wasiojulikana" zipo, zina majina.

Usiku wa Aprili 30, 2025 Padre Kitima alishambuliwa na kujeruhiwa kichwani palepale Kurasini. Nani alifanya na kwa nini, hiyo ni kazi ya polisi na mahakama. Sisi tunalitaja kwa sababu makala ya manabii isiyotaja majeraha ingekuwa pungufu. Miezi sita baadaye ukaja uchaguzi wa Oktoba 29, vurugu, vifo, amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, na intaneti kuzimwa, simu zetu zikabaki tochi na redio. Baada ya hapo neno amani likawa kinywani mwa kila mtu. Yeremia aliwahi kuwasema wale wanaoliponya jeraha la watu juujuu wakitangaza amani ilhali amani haipo. Hakupinga amani, alitaka kidonda kioshwe kwanza.

Namna ya kupima

Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inasema neno lisipotokea, halikutoka kwa Bwana. Kipimo hicho kinafaa kwa wanaotaja tarehe na washindi wa uchaguzi: andika alichosema na siku aliyosema, utunze. Wengi hutabiri baada ya tukio kutokea, au hutabiri kwa maneno mapana kiasi kwamba lolote likitokea wanasema tuliwaambia. Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi. Sura ya 13 ya kitabu hichohicho inaonya kwamba hata ishara ikitimia, mtu anaweza bado kuwa anapotosha. Na neno la Yona halikutokea, kwa kuwa watu walitubu, na hiyo ndiyo ilikuwa nia.

Kwa hiyo tazama pia nani anapata na nani anapoteza. Amosi alikuwa na mifugo yake, Mikaya alirudi gerezani, Yeremia alishuka shimoni. Nabii ambaye kila msukosuko wa nchi unamwongezea wauzaji wa mafuta na maji ya upako anahitaji kuulizwa maswali. Hatusemi kila anayetumia mafuta ni tapeli, wapo watu waliofarijika. Lakini Februari 1, 2020, pale Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa. Haraka ya muujiza ina gharama, na walioilipa walikuwa watu wa kawaida kama sisi.

Tazama vilevile anamsema nani. Manabii wa Biblia waliwasema wafalme, lakini pia makuhani, waamuzi, wafanyabiashara na wananchi. Anayemkemea Rais pekee, au anayemkemea mwananchi pekee kila mara, amechagua nusu ya kazi. Ukisikia nabii anaeleza kwamba njaa ya kwenu imeletwa na bibi kizee fulani jirani yako, hapo ondoka na watoto wako. Maneno ya namna hiyo yameua vikongwe katika nchi hii.

Lipo pia la sheria. Yuda ilikuwa taifa lenye agano la dini moja, mfalme na nabii wakimwitikia Mungu mmoja. Tanzania kwa Katiba yake haifungamani na dini. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na ya 19 inampa uhuru wa dini na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo askofu au sheikh anayesema kuhusu utekaji anasema kwa haki ileile uliyonayo wewe mkulima wa Mkuranga. Hana haki zaidi, wala hana pungufu. Hawezi kuamuru Serikali kwa jina la Mungu, na Serikali nayo haiwezi kumwambia anyamaze kwa sababu tu amevaa kanzu.

Yerusalemu ilipoanguka, mkuu wa askari wa Babeli alimfungua Yeremia minyororo akamwambia achague: aende Babeli atunzwe vizuri, au abaki. Akabaki na maskini wa nchi waliokuwa wameachwa nyuma bila kitu. Baadaye baadhi yao wakaogopa, wakakimbilia Misri, wakamchukua na yeye pamoja na Baruku bila hiari yao. Biblia haisemi kama aliwahi kulilima lile shamba la Anathothi.